Nakala kwa Meneja

Ile barua pepe ya kwanza haikuwa na kitu cha kumtisha mtu mzima mwenye kitambi. Iliingia mchana, jua likiwa la utosi, wakati Meneja ameshika kijiko mkono huu na simu mkono huu, maana siku hizo alikuwa hawezi kumeza bila kusoma. Haikuwa na kichwa cha habari. Pale panapokaa jina la mtumaji palikuwa peupe, kama pengo la jino. Na ndani yake mlikuwa na neno moja tu: "Upo?"

Mtu mwingine angeifuta. Angesema hawa matapeli wamerudi tena, akaendelea kutafuna. Lakini Meneja wa kampuni ya maji hakuwa mtu mwingine. Alikuwa mtu wa kujibu. Alijibu barua za bodi, za wateja, za wauza mabomba, hata zile zinazokupa hongera kwa kushinda bahati nasibu ambayo hukucheza. Hizo alizijibu kwa adabu kabisa, akishukuru na kuomba wasimwandikie tena. Kwa hiyo alijifuta kidole kwenye suruali, akaandika: "Nipo."

Akabonyeza. Papo hapo ofisi ikanuka kisima.

Haikuwa harufu ya maji tu, maana maji aliyajua tangu ujana wake. Ilikuwa harufu ya kisima kilichofunikwa zamani kikasahauliwa: udongo mbichi, majani yaliyooza, na katikati yake kitu kitamu kidogo, kama manukato yaliyoachwa sandukuni na mtu ambaye hatarudi kuyachukua. Meneja alichungulia chini ya meza. Akanusa chakula chake. Akanusa, Mungu amsamehe, na soksi zake.

"Katibu! Kuna bomba limepasuka humu?"

Katibu wake, mama mmoja mwembamba mwenye ulimi mkali, alitokeza kichwa mlangoni. "Bosi, hii ni kampuni ya maji. Humu ndani mabomba hayajawahi kutoa hata tone, yapasuke kwa furaha gani?"

Wakacheka wote wawili. Harufu ikabaki.

Kazini walimwita Mzee Nakala, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Mwaka uliopita mfanyakazi mmoja wa zamu alifunga vali isiyo yake, hospitali ikakosa maji hadi jioni, na Meneja akaitwa mbele ya bodi kuulizwa alikuwa wapi. Alikuwa nchi za mbali, kwenye semina ya matumizi bora ya muda, amekaa viti vya nyuma akijibu barua pepe toka asubuhi mpaka chai ya jioni. Semina alizozihudhuria zilikuwa nyingi. Nyumbani alikuwa na droo nzima ya zile kamba za shingoni zenye jina lake, na ukimuuliza mji upi ulimpendeza zaidi atakutajia ule wenye intaneti ya kasi. Basi akarudi na aibu, na aibu ikazaa amri: kuanzia leo hakuna vali kubwa itakayofungwa wala kufunguliwa bila neno lake. Tena neno la maandishi, siyo la mdomo. Na kila barua, iwe ya nani kwenda kwa nani, nakala kwa meneja.

Wafanyakazi walitii, na walitii kwa moyo wote, kwa sababu hakuna kitu kitamu kama kumwachia mwenzako lawama. Wakampelekea nakala za mafuta ya jenereta, nakala za likizo, nakala za ugomvi wa watu wawili kuhusu kikombe. Injinia wa mtambo, mama wa miraba minne anayecheka kabla hajamaliza kichekesho, alimwandikia siku moja: "Bosi, naomba ruhusa ya kupiga chafya." Meneja alikuwa na haraka. Akajibu: "Endelea."

Jioni ya siku ile ya harufu alikaa mezani na familia yake. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa na nyuzi za rangi zote begani kama kawaida. Binti yao wa pekee, waliyemwita Kibibi kwa jinsi alivyokuwa akisema kama ajuza, ndiyo kwanza amejua kusoma, na hakuna kibao wala kopo lililokuwa na amani mbele yake. Alifungua mdomo akasukuma jino la mbele kwa ulimi.

"Baba, tazama, linacheza."

"Nimepokea ujumbe wako," baba akasema kwa utani, macho kwenye simu. "Nitakujibu."

"Baba Kibibi," mkewe akasema taratibu, "leo mtoto umemjibu hivyo tangu ulipoingia. Utani ukizidi unakuwa tabia."

Meneja akaona haya. Akailaza simu kifudifudi. Wakala kidogo kwa amani, kisha Kibibi akaacha kutafuna, akageuza sikio.

"Baba, simu yako inapumua."

"Inatetemeka, mama. Ni ujumbe umeingia."

"Haitetemeki. Inapumua."

Aliiinua ili amchekeshe, akaiweka sikioni kama anayempima mgonjwa. Ndani ya simu, mbali, kama chini ya shimo refu, kulikuwa na pumzi. Ilikuwa pumzi yenye maji ndani yake. Kioo kikawaka: "Upo?" Kidole gumba chake, bila kumshauri, kikaandika: "Nipo." Mara ikaingia nyingine: "Na huyo mdogo aliye kushoto kwako, yupo?"

Kibibi alikuwa amekaa kushoto kwake.

Meneja aliizima simu, akaitia kwenye droo ya zile kamba za semina. Hakumwambia mkewe. Angesema nini? Kwamba mtu mzima, meneja mzima, anaogopa barua pepe?

Kisha mvua ikanyesha. Ilinyesha kama inayolipa kisasi, na kulipopambazuka mto ulikuwa umeingia kwenye mtambo wa kusafishia maji na tope lake lote. Matangi yakawa rangi ya chai ya maziwa. Pampu ya kutia dawa ikazimika. Injinia alipiga simu, na kwa mara ya kwanza hakuanza kwa mzaha.

"Bosi, maji machafu yameshaingia bomba kuu. Mjini hayajafika, lakini yanakwenda. Niruhusu nifunge sasa hivi. Watu wakae na kiu leo, wasije wakalala hospitali kesho."

Jibu lilikuwa neno moja fupi. Lakini macho ya Meneja yalikuwa kwenye kompyuta, ambako barua zilikuwa zinamiminika kuliko mvua yenyewe, na mdomo wake ukatoa kile ulichozoea kutoa.

"Niandikie, Injinia."

"Bosi, nakuambia maji..."

"Niandikie tu, nakujibu sasa hivi."

Na Injinia, kwa kuwa amri ni amri, akaandika.

Meneja alipotambua alichokisema, simu ilikuwa imeshakatika na barua ya Injinia imeshatumbukia kwenye kikasha, ambamo bodi ilikuwa inauliza kwa nini haijaarifiwa, na wizara inauliza bodi iliarifiwa lini, na hospitali inauliza, na waandishi wa habari wanauliza, na mhasibu anamweleza mhasibu mwenzake kwamba yeye hakuulizwa, nakala kwa meneja, na kila aliyejibu akawajibu wote, na wote wakamjibu, na katikati yao, kama panya ndani ya gunia la nafaka, zilikuwa zinapita zile zisizo na jina: Upo? Upo? Nakuona hujala. Upo? Shati hilo ulilivaa jana. Upo? Nilikuwa chini kabisa nikiita na kuita na hakuna aliyeniitikia, wewe tu, wewe tu, upo?

Naye anajibu! Hilo ndilo lililomwaga jasho. Alikuwa anaitafuta barua ya Injinia kwa macho huku mikono yake imeshika njia nyingine, inaandika Nipo, Nipo, Nipo, na kila akiivuta inarudi kwenye kibodi kama ng'ombe wanaorudi zizini. Vitufe vilikuwa baridi. Katikati ya vitufe maji yalikuwa yanachuruzika.

Katibu aliingia amejiziba pua. "Bosi, Injinia yuko kwenye simu ya mezani. Analia. Injinia, analia! Mwambie afunge."

Meneja akaunyakua mkono wa simu. Neno alikuwa nalo. Alilihisi kwenye ulimi, zito, limekamilika. Akafungua mdomo.

"Nimepokea ujumbe wako," akasema. "Nitakujibu."

"Bosi!" Katibu akashtuka. "Leo siyo siku ya mizaha."

Meneja alitikisa kichwa. Machozi yakamlengalenga. Akajaribu tena, akalisukuma lile neno kama mtu anayesukuma gari lililokwama, na mdomo ukatoa yale yale, kwa sauti ile ile tulivu, ya adabu, ya mtu mwenye nafasi. Katibu akampa kalamu. Mkono ukaandika kwenye karatasi: Nipo nipo nipo. Akamgeuzia kompyuta. Alibonyeza herufi za neno funga, moja moja, na wote wawili wakaona kwa macho yao kile kilichotokea kwenye kioo: Subiri. Akafuta. Akaandika upya. Subiri. Na kabla hajafuta tena, barua ikajituma yenyewe.

Katibu alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Mungu wangu," akanong'ona. "Nani yuko humo?"

Kisha akachukua funguo za gari mezani. "Haya, inuka. Mdomo wamekunyang'anya na mikono wamekunyang'anya. Miguu bado ni yako. Twende."

Mtamboni walimkuta Injinia amesimama kwenye tope mbele ya vali kubwa, ile yenye gurudumu la chuma pana kama meza ya kulia chakula, na wafanyakazi wawili wa zamu wamelishika tayari. Alipomwona bosi wake akashusha pumzi.

"Afadhali umekuja. Umeniandikia nisubiri, nimesubiri. Haya, sema, tufunge?"

"Nimepokea ujumbe wako," Meneja akasema, na uso wake ulikuwa unalia.

"Anasema funga!" Katibu akadakia. "Hawezi kutamka, lakini anasema funga, mimi ndiye nakuambia."

"Dada, nakuheshimu. Lakini yeye mwenyewe ameandika hapa subiri. Nikifunga mji mzima kwa neno la mdomo, tena la mdomo wa mtu mwingine, kesho nani atanitetea? Wewe unaijua amri. Uliipiga chapa wewe."

Meneja aliwasukuma wale wawili, akalishika gurudumu mwenyewe. Likasogea kidogo. Mfukoni simu ikapumua, na mikono yake ikaachia chuma, vidole vikaanza kuandika hewani, juu ya kibodi ambacho hakipo, mbele ya watu anaowaongoza. Mmoja wa wale wafanyakazi akageuza uso pembeni, kwa jinsi unavyogeuza uso mtu mzima anapovuliwa nguo.

Simu ya Injinia ikalia. Akasoma. Midomo yake ikasogea bila sauti, kisha akasoma kwa sauti ya chini sana, kama anayeogopa maneno yenyewe yasimsikie.

"'Huyo aliye mbele yenu siye mimi. Mimi niko ofisini, ninajibu. Subirini.'"

Aliinua macho kwenye ile mikono mitupu inayocheza hewani.

"Bosi," akasema. "Hii imetumwa sasa hivi. Na mikono yako naiona."

Chini ya miguu yao maji machafu yalikuwa yanapita ndani ya bomba kwa mngurumo wa mnyama aliyeshiba, na ile harufu ya kisima ikapanda kutoka kwenye tope, ikawaingia puani wote, ikawa haina tena wa kuikana.

Injinia akaitia simu yake mfukoni. "Kama wewe siye wewe," akasema polepole, "basi na amri siyo amri. Vijana, zungusheni!" Naye akalilalia lile gurudumu kwa miraba yake yote minne. "Nifukuze kazi, bosi," akahema, jasho na mvua vikimchuruzika, "lakini nakuomba, nifukuze kwa mdomo wako."

Vali ikafungwa. Lakini ilikuwa imechelewa, na mitaa ya bondeni ilikuwa imeshakunywa. Hadi kesho yake asubuhi wagonjwa walikuwa wanalala wawili wawili kitandani, na akina mama wamekaa sakafuni na watoto waliolegea. Hakuna aliyekufa, hilo Meneja alilikumbatia kama mtu anayekumbatia gogo mtoni. Na barua hazikupungua. Sasa zilikuwa zinauliza kwa nini hakufunga mapema, na kwa nini alifunga bila maandishi.

Mkewe hakungoja zaidi. Alimtuma Katibu amlete Shangazi.

Huyu alikuwa dada wa marehemu baba yake Meneja, bibi mfupi mwenye magoti mabovu, ambaye zamani alikuwa akiitwa nyumba za watu kuwaambia majini yatoke, nayo yalitoka, wengine walisema kwa dawa na wengine kwa kuchoshwa na maneno yake. Simu alikuwa nayo, lakini aliitumia kama tochi tu. Alimkuta Meneja amekaa kitandani. Mkewe alikuwa amefunga kila kifaa cha mumewe ndani ya mablanketi, akavirundika stoo, na ulimi wa Meneja ulikuwa umemrudia, mwepesi na mdhaifu kama wa mtu aliyetoka kwenye homa.

"Ulimwitikia?" Shangazi akauliza kabla hajakaa.

"Nilimwitikia."

"Bila kumwona sura?"

"Shangazi, barua pepe haina sura."

"Ndiyo maana nakuuliza. Ulipokuwa mdogo tulikufundisha nini? Ukisikia unaitwa, na aliyekuita humwoni?"

"Nisiitike."

"Enhe. Ukakua, ukapewa mshahara wa kuitika." Akaketi, magoti yakalalamika. Akanusa hewa. "Huyu hakutumwa na mtu. Alikuwa kwenye maji ya chini huko, siku nyingi, anaita. Mlipofukua kile chanzo chenu kipya cha maji mliomba ruhusa?"

"Tuliomba wizarani. Vibali vyote tunavyo."

"Wizarani," Shangazi akarudia, akamtazama mke wa Meneja kama anayesema, tazama mume uliyeolewa naye. "Huyu hali nyama, mwanangu, wala hanywi damu. Anakula kuitikiwa. Mwingine angemrushia tonge moja akaenda zake. Wewe umemwandalia meza, ukamkaribisha na kiti."

"Anatokaje?"

"Kwa njaa. Leo, mpaka jua lizame, humwitikii mtu. Hata mimi. Ukiitwa na bosi wako, kimya. Ukiitwa na marehemu mama yako, maana atamleta, kimya. Ukitaka kukohoa kohoa, lakini usikohoe kama anayejibu."

"Na kazini? Mji hauna maji, Shangazi. Kuna matangi ya kusafisha, kuna dawa ya kuagiza."

"Watajua wenyewe la kufanya."

Meneja akainamisha kichwa. "Hawatajua," akasema. "Nimewafundisha wasijue."

Shangazi hakuwa na dawa ya hilo. Aliwasha makaa yake kwenye kigae, akatupia ubani, akafunga mlango na dirisha. Nje, mkewe alichukua kiti akakaa kwenye lango kuwarudisha wageni, maana walikuwa wanakuja: dereva wa mwenyekiti, watu wa bodi, mwandishi wa habari mwenye viatu vya tope. Kibibi alikuwa analia anamtaka baba yake. Mama akamwambia baba anaumwa, asimsumbue, na kwa kuwa wageni walikuwa wanagonga na mikono yake ilikuwa miwili tu, akampa simu yake achezee.

Ndani, siku ilikuwa inakwenda kwa goti. Kwanza ziliita zile simu za stoo, zilizozimwa, zikiita kwa pamoja chini ya mablanketi kama vyura. Meneja akanyamaza. Kisha mwenyekiti wa bodi akazungumza kutoka ukutani, kwa sauti yake ya kikaoni, akimtaka aeleze. Meneja akatafuna mkono wa shati lake. Kisha akaja mama yake, ambaye alimzika mwenyewe kwa mikono yake, akaita kutoka chini ya kitanda jina lile la utotoni ambalo hakuna aliyebaki duniani anayelijua, akasema ana baridi, akasema amelala kwenye maji, akasema mwanangu niitikie mara moja tu nijue sikulea bure, na Meneja akajikunja kama mtoto, Shangazi amemkandamiza mdomo kwa kiganja chake chenye harufu ya dawa ya kuchua, machozi yanapita kati ya vidole, na haikutoka sauti, haikutoka, mpaka ile iliyokuwa chini ya kitanda ikakonda, ikakonda zaidi, ikawa kama mbu, ikaisha.

Mstari wa jua chini ya dirisha ulikuwa umeshakuwa mwekundu. Shangazi akatikisa kichwa: bado kidogo.

Hapo ndipo mlango ulipogongwa, chini, mahali anapofika mtoto.

"Baba? Upo?"

Wakatazamana.

"Baba, jino limetoka. Limetoka lenyewe. Baba, upo?"

Ilikuwa sauti ya Kibibi, tena yenye upepo, ile sauti ya mtu aliyepata pengo sasa hivi. Meneja alijiambia jini hawezi kujua habari ya jino. Kisha akakumbuka kwamba alijua habari ya shati, na ya chakula, na ya nani amekaa kushoto. Akamtazama Shangazi, akimwomba kwa macho amwambie lolote, ndiyo au hapana. Na yule bibi, aliyewahi kuyafukuza majini nyumba kwa nyumba, alikuwa anautazama mlango kwa macho ya mtu asiyejua. Akatikisa kichwa kwa shaka, akamshika mkono.

"Baba, umelala? Niambie tu kama upo."

Alikuwa amemjibu mhasibu, akamjibu muuza mabomba, akamjibu tapeli wa bahati nasibu. Akauma shati mpaka akasikia uzi unakatika. Nje kukawa na kwikwi ndogo, kisha nyayo nyepesi zikasogea hatua chache, zikakoma.

Mstari mwekundu ukazimika.

Harufu ikaondoka. Iliondoka kama mtu anayeinuka kwenye kiti, unahisi nafasi aliyoiacha, na chumba kikabaki kinanuka ubani na dawa ya magoti tu. Meneja akajaribu ulimi wake.

"Shangazi."

"Naam, mwanangu."

"Nina njaa."

Wakacheka, wale wawili, kicheko kibovu cha watu waliotoka majini wakihema. Kesho, alikuwa anasema, kesho nitawaita wote, nitaifuta ile amri kwa mdomo wangu, kila mmoja ashike vali yake, na Injinia nitampa mkono. Alikuwa anasema huku anafungua mlango.

Kibibi alikuwa amekaa kwenye korido, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Kwenye kiganja kimoja alikuwa na jino. Kwenye kingine alikuwa na simu ya mama yake.

Meneja akapiga magoti. "Mama yangu mdogo. Ulikuwa unaniita?"

"Ndiyo."

"Baba alikuwa hawezi kuitika. Nisamehe. Nilikusikia, lakini sikuweza."

"Si kitu," Kibibi akasema kwa ukubwa wake, akamtabasamulia na pengo jipya. "Si uliniitikia huku?"

Akamgeuzia kioo. Pale panapokaa jina palikuwa peupe. Chini yake, neno moja: "Nipo." Na chini ya hilo: "Mimi ndiye baba. Na wewe, upo?"

Shangazi, aliyekuwa anakuja nyuma yake kwa kujikokota, alisimama. Meneja akausikia mkono wake unapapasa ukuta, ukitafuta pa kushika. Korido ilikuwa imeanza kunuka kisima.

"Kibibi," akasema, taratibu, kama unavyosema na mtoto aliyesimama ukingoni. "Mpe baba simu. Polepole, hivyo hivyo. Na usimjibu huyo, sawa, mama? Usimjibu."

Mtoto akamtazama kwa mshangao, uso wa mtu anayegombezwa kwa kuwa na adabu.

"Lakini baba," akasema, "nimeshamjibu."